Shikamoo ya Mwamba

Kitu cha kwanza alichokitazama kwa mgeni kilikuwa viatu. Hakuuliza umetoka wapi wala jina lako nani. Alisimama mbele yako, mikono nyuma, akainamisha kichwa na kuvikagua viatu vyako kama mnunuzi anavyokagua kwato za ng'ombe mnadani. Vikiwa na soli laini alisikitika kwa sauti, "Ah, hivi ni vya harusi," kisha akaingia ndani na kutoka na kamba za mkonge, akavizungushia ili visiteleze. Nimewaona mabwana wakubwa kutoka Dar es Salaam wakiondoka pale miguu imefungwa kama vifurushi vya posta, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Sisi tulimwita Kiongozi. Nimezeeka sasa, na katika sala zangu za asubuhi, ninapowataja watu ambao Mungu alinipa ili nijifunze kwao, wanatangulia wazazi, wanafuata walimu wangu wa chuo cha Biblia, halafu anakuja yeye. Hakunifundisha darasani hata siku moja. Alinitembeza tu, siku moja nzima, kuanzia ukungu wa asubuhi hadi jua la alasiri.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kijiji chetu kiko ukingoni kabisa mwa milima, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla, na ukichungulia unakiona kijiji cha Mnazi chini kabisa, tambarare na joto lake, nyumba zake ndogo kama punje za mtama. Ukingo wote ule ni mawe, na si mawe ya kawaida. Kuna nguzo tatu zilizosimama pamoja, kila moja imebeba jiwe bapa kichwani, na hizo aliziita Kinamama wa Soko. Kuna jiwe lenye tabaka nyembamba mamia kwa mamia, jeupe, jeusi, jeupe, jeusi, aliloliita Kitabu. Kuna jingine la mviringo lililopasuka katikati, na ndani ya ule ufa umeota mti wa pichesi ambao hakuna mtu aliyeupanda. Na mwisho wa njia, ng'ambo ya korongo, kuna ukuta mmoja mkubwa wa kijivu wenye michirizi ya maji, mrefu kuliko mti wowote wa msituni. Huo aliuita Mzee.

Alikuwa amejifunza njia zile akiwa kijana, alipowabebea mnyororo wapimaji wa ardhi. Baada ya Uhuru wapimaji walipoondoka, walianza kuja wageni wa namna nyingine. Walikuwa walimu wa kujitolea, wataalamu wa misitu, wanafunzi wa chuo, na Wazungu waliofikia katika mahoteli ya Lushoto ambao walisikia kwamba huku juu kuna mawe ya ajabu. Landrova iliwashusha kwenye uwanja wa shule, nao wakaelekezwa kwa Kiongozi.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakuna aliyeweza kulivunja: mgeni mmoja kwa siku moja. Mke na mume aliwahesabu kuwa mmoja. Marafiki wawili walipigiwa kura, na wa pili alirudi kesho yake.

"Kwa nini usiwachukue wote pamoja?" nilimwuliza siku moja. "Utamaliza mapema."

"Watu wakiwa wengi wanatazamana wenyewe kwa wenyewe," alisema. "Huyu anamwonyesha yule kofia yake. Mawe hawayaoni."

"Na ukimchukua mmoja?"

"Mmoja hana wa kumtazama. Atachoka kunitazama mimi, ataanza kutazama mawe."

Na neno alilolirudia zaidi ya mengine yote ni hili: "Polepole, mwamba hauhami." Alilisema kwa waliokuwa na haraka, kwa waliochoka, na mara nyingine kwa mkewe alipomwita kwamba ugali wa muhogo unapoa. Mkewe alijibu kutoka jikoni, "Mwamba hauhami lakini bada inaganda!"

Mtu huyu alikuwa na vituko vyake. Aliyekuwa akiongoza watu kwenye majabali alikuwa anaogopa mahali pa juu. Alipofika hatua kumi kutoka ukingoni alilala kifudifudi, akaeleza mandhari yote akiwa ameyafumba macho: "Kushoto unaona mto. Kulia unaona barabara ya Mnazi. Mbele kule, kama hakuna mawingu, ni milima ya Upare." Mgeni akisema, "Lakini leo kuna mawingu," alijibu, "Basi utanishukuru kwa kukuambia." Nyumbani kwake nako hapakuwa na jiwe hata moja. Alijenga kwa miti na udongo mtupu, na mafiga ya jikoni yalikuwa ya udongo wa kuchoma. Alisema mawe yana mahali pao, na hapendi kuwaona wakubwa wamewekwa chini ya sufuria.

Ulipokuja wakati wa Ujamaa, watu walianza kuulizana kazi ya mtu huyu ni ya namna gani. Siku moja alikuja katibu wa Chama, mtu mwema lakini mpya kwenye cheo, akamkuta anasuka kamba zake za mkonge barazani.

"Ndugu, wewe wanakuita Kiongozi. Kiongozi wa nini?"

"Wa mawe."

"Mawe hayafanyi vikao."

"Ndiyo maana tunaelewana."

Tuliokuwa pale tuliinama tukijifanya tunafunga viatu. Katibu akakaza uso. "Ndugu, wenzako wote wako shamba la kijiji. Wewe peke yako unatembea na wageni. Huu ni ubinafsi."

Kiongozi akaweka kamba chini. "Ndugu Katibu, wageni wangu wanakula wapi mchana?"

Katibu hakujua. Basi akaelezwa, na sisi wote tukashuhudia. Kiongozi hakumlisha mgeni nyumbani kwake isipokuwa zamu yake ilipofika. Alifuata nyumba moja baada ya nyingine, balozi kwa balozi, Wakristo na Waislamu, mwenye mabati na mwenye nyasi, na kila nyumba ilipata siku yake ya kukaa na mgeni, kumlisha maharage na mtindi, na kupokea alichokiacha. Jembe la shamba alilishika siku zote ambazo hakuwa na mgeni, na hakuna aliyemzidi kwa kung'oa visiki.

"Na kwa hesabu ya zamu," alimalizia, "mgeni wa kesho anakula kwako. Umeshamwambia shemeji?"

Katibu alisimama, akaaga upesi, akashika njia ya kwake karibu mbio. Kesho yake tulisikia kwamba mke wa katibu alichinja kuku, na tangu hapo suala la ubinafsi halikutajwa tena.

Lakini lililokuja kutoka kanisani lilikuwa zito kuliko la Chama, na hapo ndipo mimi ninapoingia.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha Biblia, kijana, mwinjilisti wa mtaa, na bado nilidhani kila jambo lina sura na mstari wake wa kulijibu. Katika kikao cha wazee wa kanisa kabla ya Pasaka, mzee mmoja alisimama akashtaki. Alikuwa akitafuta kuni karibu na korongo, akamwona Kiongozi na Mzungu mmoja wamesimama mbele ya ule ukuta wa mwamba. Kiongozi akamwamuru yule Mzungu avue kofia. Akavua. Kisha yule Mzungu akaliamkia jiwe kwa sauti kuu: Shikamoo!

"Mkristo aliyebatizwa," mzee alisema, "anafundisha watu kuyaamkia mawe. Hiyo si ibada ya sanamu ni nini?"

Pale kwetu jambo kama hilo halikuwa mchezo. Likithibitika, mtu anawekwa chini ya marudi. Haji kwenye Meza ya Bwana, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na akifa katika hali hiyo hazikwi na kanisa wala kengele haimlilii. Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama mimi.

"Mwinjilisti, nenda ukatembee naye siku nzima. Tazama, usimhubirie. Jumamosi utatuambia ulichokiona, nasi tutaamua kwa neno lako."

Nilitoka pale nimebeba jambo kubwa kuliko mabega yangu.

Alfajiri ya Alhamisi nilikuwa uani kwake. Kulikuwa na ukungu mzito, wa namna ile ya kwetu ambao unausikia ukikugusa uso.

"Shikamoo, Kiongozi."

"Marahaba, Mwinjilisti. Onga mahundo?" aliongeza salamu ya asubuhi kwa Kishambaa, kama alivyofanya kwa aliowapenda. Akainama, akatazama viatu vyangu. "Vizuri. Chuo kimekupa viatu vya maana. Umetumwa kuniangalia?"

Nilivuta kofia ikafika kwenye nyusi.

"Si neno," alisema. "Nami nitakuonyesha kama ninavyomwonyesha mtu yeyote. Nitakuomba kitu kimoja tu. Mke wangu tulimzika mwaka jana kwa kengele, unajua, chini ya ile mikaratusi ya kanisani. Nafasi ya kushoto kwake ni yangu. Ukisema neno lako Jumamosi, ukumbuke kwamba unagawa hata kaburi." Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayeeleza mahali alipoweka jembe. Kisha akatangulia njiani.

Nilimfuata nikiwa nimejikaza. Nilijiapiza kwamba chochote kitakachotokea, mimi mwinjilisti sitaliamkia jiwe.

Tulitembea kama nusu saa bila kuona zaidi ya hatua tano. Njia ilipinda, na pale kwenye kona, kando kidogo, alikuwa amekaa mzee amejifunika blanketi la kijivu, mabega yameinama, amejipumzisha. Mimi nililelewa vizuri. Mama yangu angeweza kusamehe mtoto aliyevunja chungu, lakini si mtoto aliyempita mtu mzima bila kumwamkia. Nilivua kofia, nikapiga magoti nusu, nikasema kwa heshima zote:

"Shikamoo, babu."

Babu hakujibu. Nilidhani hasikii vizuri. Nikasogea karibu, nikapaza sauti:

"Shikamoo, babu! Umeamkaje? Baridi imezidi leo!"

Nyuma yangu nikasikia mlio kama wa mtu anayesongwa na ugali. Niligeuka, nikamwona Kiongozi amekaa chini kwenye majani yenye umande, ameshika tumbo, machozi yanamtiririka.

"Mwinjilisti," alisema alipoweza kupumua, "huyo hata ukimwuliza habari za shamba hatakuambia."

Nikanyoosha mkono. Blanketi lilikuwa jiwe, na mabega yalikuwa jiwe, na kuvu ya kijivu ilikuwa imelifunika lote. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, halafu, namshukuru Mungu kwa hili, nikaanza kucheka na mimi. Tulicheka pale wawili mpaka ukungu ukaanza kupasuka. Nadhani siku yangu ilianza hapo, kwa sababu tangu hapo nilikuwa mgeni wake, si mjumbe wa kikao.

Alinionyesha Kinamama wa Soko, akanieleza yupi anauza viazi na yupi anasengenya. Alinipeleka kwenye Kitabu, akachukua kidole changu akakipitisha juu ya zile tabaka taratibu, jeupe, jeusi, jeupe. Yeye alijua kusoma kitabu cha nyimbo tu, na hapo alisema, "Hiki sikiwezi, lakini aliyekiandika namfahamu." Nilifumba macho. Chuoni tulikuwa tumefundishwa uumbaji kwa majuma matatu, na sikuwahi kuugusa kwa kidole. Kwenye jiwe lililopasuka tulichuma pichesi mbili, ndogo na kali, tukazila tukikunja uso.

Mchana zamu ilikuwa ya bibi mmoja Mwislamu wa upande wa bondeni, aliyetupa bada na mboga ya majani na kunitania kwamba walimu wa dini wanakula sana. Alasiri tukafika kwenye korongo, mbele ya yule ukuta.

"Huyu ndiye Mzee," alisema. "Wageni wengine hapa nawaambia wavue kofia. Wewe kaa tu."

"Kwa nini unafanya hivyo?" nilimwuliza. Nilikuwa nimengoja swali hilo siku nzima.

Alikaa juu ya gogo. "Unamkumbuka yule mwalimu mgeni aliyekuja mwaka ule wa kwanza baada ya Uhuru? Kijana wa watu, mwema kabisa. Nikampeleka kula kwa mama yangu, alipokuwa hai. Akaingia, akampa mkono mama, akamwambia, 'Hujambo?' Mama yangu! Kijana wa miaka ishirini anamwuliza hujambo kama mtoto wa shule. Mama alikaa kimya mpaka chakula kikaisha. Na yule kijana alipotoka akakutana na mtoto anayechunga mbuzi, akamwinamia, akamwambia shikamoo! Kijiji kizima kilimcheka wiki nzima. Akaondoka hapa bila kurudi. Niliumia. Nikawaza, hawa watu nitawafundishia wapi? Nikiwafundishia kwa wazee, wazee wataudhika. Basi nikawaleta hapa. Huyu ana subira. Mtu akikosea mara kumi, hakasiriki. Tena anamrudishia alichosema, ajisikie mwenyewe."

Akasimama, akaweka mikono mdomoni, akaita:

"Shikamoo!"

Na ng'ambo ya korongo, kwa sauti pana na tulivu, mwamba ukaita: *Shikamoo!*

Kiongozi akageuka kwangu, macho yanang'aa. "Umesikia? Mkubwa vile, na bado hajawahi kukubali kuitikia marahaba. Ukimwamkia, naye anakuamkia. Hana makuu kabisa. Jaribu."

"Hapana," nilisema. "Mimi ni mwinjilisti."

"Haya. Polepole, mwamba hauhami."

Jumamosi kikao kilijaa. Mshtaki alikuwa mbele, ameshika Biblia yake. Nilisimama, nikijua ukweli ulianzia wapi.

"Kabla sijasema lolote juu ya Kiongozi," nilisema, "nina ungamo. Alhamisi asubuhi niliamkia jiwe. Mara mbili. Mara ya pili nikaliuliza limeamkaje."

Kisha mchungaji akaweka kalamu chini. "Lilikujibu?"

"Hapana, Baba Mchungaji. Nililidhania mzee."

Nikawaeleza yote, kona, ukungu, blanketi, mpaka wazee walioshika fimbo zao kwa ukali wakaanza kuzigongesha sakafuni kwa kicheko. Nikawaeleza habari ya mama yake Kiongozi na yule mwalimu mgeni. Nikawaeleza juu ya korongo.

Mshtaki hakuridhika. "Lakini mimi nilisikia kwa masikio yangu! Mzungu aliliamkia, na jiwe likajibu!"

"Lilijibu nini, mzee wangu?" mchungaji aliuliza.

"Lilijibu... shikamoo."

"Sasa nani alikuwa anamwabudu nani?"

Mwishowe yule mzee naye akatabasamu, kwa shida, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Siku ya Pasaka Kiongozi alikuja kwenye Meza ya Bwana amevaa koti la harusi yake. Alipopita karibu nami alininong'oneza, "Babu yako anakusalimu." Lile jiwe la kwenye kona linaitwa Babu wa Mwinjilisti mpaka leo, na watoto wa shule wanaokwenda kuchuma pichesi wanalijua kwa jina hilo, ingawa hawajui mwinjilisti alikuwa nani.

Nilihamishwa mitaa mingi baada ya hapo, na Mungu alinipa miaka. Niliporudi kijijini kustaafu, Kiongozi alikuwa mtu mzima kuliko wote waliobaki. Macho yalikuwa yamefifia. Nilipoingia barazani kwake nikamwamkia, hakuniuliza mimi ni nani. Alinyoosha mkono, akapapasa viatu vyangu, kisigino, soli.

"Hivi ni vya harusi," alisema. "Mwinjilisti, wamekuharibu huko mjini." Akaagiza kamba.

Alitaka kwenda korongoni. Njia iliyotufikisha alasiri mara ile, sasa ilituchukua mpaka jioni, mimi nikimshika mkono, tukipumzika kila mahali ambapo palikuwa na jina. Kwenye kona yangu alinilazimisha nisimame. Kwenye Kitabu mimi ndiye niliyekishika kidole chake, nikakipitisha taratibu, jeupe, jeusi, jeupe, nikimwambia rangi.

"Zamani," alisema tulipoketi kwenye gogo, "nikitoka nyumbani kwenda sokoni mdomo wangu haukufungwa. Shikamoo huku, shikamoo kule. Sasa kila ninapopita naamkiwa mimi. Wote niliokuwa nikiwaamkia wamelala kule kwenye mikaratusi. Amebaki huyu peke yake."

Akasimama, akavua kofia, akaweka mikono mdomoni. "Shikamoo!"

Sauti yake haikuvuka korongo. Tulingoja. Ndege mmoja aliruka, na maji yakaendelea kuchirizika ukutani.

"Amekuwa kiziwi," alisema, akajaribu kucheka, lakini niliona kidevu chake kinacheza.

Nilikuwa na miaka mingi ya kukataa jambo lile, na sababu zangu zote nilizijua kwa sura na mstari. Nilisimama. Nikavua kofia yangu, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma, nikaita kwa nguvu zote ambazo Bwana alikuwa bado hajazichukua:

"Shikamoo!"

*Shikamoo!* mwangwi ukarudi, mpana, mtulivu, kama siku ile.

Kiongozi aliinua kichwa. Uso wake wote ukafunguka.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu."

Sikumwuliza kama alikuwa akiniitikia mimi au akiuitikia mwamba. Sote wawili tulikuwa wadogo kwake.